Kizibo cha Gobori

Watu wakitaja Garsen husema joto na mbu. Mimi hukumbuka mlio wa bunduki. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, katika ile miaka ya hamsini, nilikuwa mgeni pale. Nilikuwa nimeletwa kutoka Kinakomba, huko juu mtoni, na sikuwa na mtu wa kuzungumza naye ila mume wangu. Naye, mpunga ulipoanza kutoa masuke, alihamia ng'ambo.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu: nyumba upande huu, shamba upande ule, na mto Tana katikati. Mpunga ukikaribia kuiva, mwanamume hulala juu ya dungu shambani, akifukuza viboko na nguruwe mwitu hadi mavuno. Jua likizama, kila mwenye gobori alipiga baruti tupu, bila risasi. Wanyama waogope, na nyumbani nako wajue mtu wao ni mzima. Sisi wanawake tulijibu kwa kugonga mdomo wa kinu kwa mchi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu na mume wangu msimu mzima, na niliyapenda kuliko porojo zote za kisimani.

Ila gobori lake lilikuwa zee na kaidi. Alilirithi kwa babake. Unashindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, unaweka fataki nyuma, unamwachia Mungu. Nyuma ya mtutu palikazwa kizibo cha chuma mfano wa skrubu nene, chenye tundu la kupitishia moto wa fataki hadi kwenye baruti. Tundu lile lilipinda kona. Masizi na unyevu wa mto vikikutana pale konani, moto haupiti: fataki inalia, baruti imelala. Jioni nyingine wenzake wote walikuwa wameshamaliza ndipo lake likohoe. Majirani wakanitania kwamba mume wangu ana kifua.

Mavyaa, mama wa mume wangu, alikuwa na dawa yake. Siku moja mwanawe alikuja kuchukua unga, mama akalitwaa gobori akalitundika juu ya meko, pale tulipoanika mbegu za mahindi zipate moshi zisiliwe na fukusi.

"Kinachokausha mbegu kitakausha na bunduki," alisema, na nani angembishia?

Hakujua kwamba mume wangu alikuwa amekipaka kizibo nta ya nyuki kuzuia maji. Joto la meko likaiyeyusha nta, ikatiririka ndani ya tundu. Ilipoganda humo, mwenye gobori alikuwa ameshavuka kurudi shambani.

Jioni ile walipiga wote. Yeye kimya. Niligonga kinu, nikagonga tena, hadi mavyaa akaniambia nitakipasua. Niliozwa bila kuulizwa sana, na mpaka siku ile nilikuwa nikijiambia kwamba namzoea tu. Kimya kile kilinionyesha kwamba nampenda. Nilimsihi jirani anivushe kwa mtumbwi kabla ya giza, nikakaa mbele nikiyatazama maji kwa hasira, maana mto ule ulikuwa mpana kuliko haja.

Nilimkuta amekaa chini ya dungu, mwiba mkononi, anachokoa tundu. Vidole vyake vyote vilikuwa na nta.

"Umefuata nini huku?"

"Nimefuata mlio."

Akacheka mpaka akaweka mwiba chini. "Gobori limelishwa nta na mama," akasema. "Sasa halina njaa."

Mimi sikucheka. Nilimwambia kizibo kile sikitaki tena. Yeye hakuweza kuuacha mpunga, kwa hiyo akanipa mtutu nimpelekee fundi wa Garsen, mzee aliyezaliwa Kipini, mtengenezaji wa taa na baiskeli. Niliuviringisha ndani ya mkeka, nikaenda.

Fundi aliweka vizibo viwili juu ya meza. Cha kwanza kilikuwa kinene, tundu lake limepinda kama la kile cha zamani.

"Hiki nakikaza leo, hakitoki hadi Kiyama," alisema. "Hiki cha pili tundu lake limenyooka, moto waingia katikati ya baruti. Lakini chataka kufunguliwa kila siku, kioshwe, kitiwe mafuta. Kisipotunzwa chashika kutu. Na wanaume ni wavivu, mwanangu."

Nilikichukua cha kwanza nikakitia mdomoni, nikapuliza. Mashavu yalijaa, pumzi ikapita kwa shida. Nikapuliza cha pili, na pumzi ikagusa kiganja changu bila kusita.

"Mchagua jembe si mkulima," fundi alinitania.

"Mimi silimi nalo, baba. Mimi nalisikiliza."

Akakichukua kile cha pili akaenda kukifunga.

Gobori halikukataa tena. Kila adhuhuri mume wangu alifungua kizibo, akakiosha kwa maji ya moto na kukipaka mafuta ya kondoo tuliyonunua kwa wafugaji. Jioni gobori lake lilikuwa la kwanza kulia, na mimi wa kwanza kujibu. Majirani wakaacha utani wao wa kifua. Misimu ile ilikuwa michache, nami niliishi humo kama tajiri.

Miaka ya hamsini haijaisha, homa ikamchukua, mpunga ungali kijani. Leseni ya gobori ilikuwa kwa jina lake, basi ikabidi shemeji alirudishe serikalini. Kabla hajalifunga kwenye gunia, nilifungua kizibo nikakitia kwenye pindo la leso yangu. Shemeji aliniona, akageuza uso. Serikali ilipata bomba tupu.

Mto umehama tangu hapo, kama ilivyo desturi yake, na lile shamba ni kichaka. Wajukuu wangu hunipigia simu, nami huwajibu kwa furaha. Lakini jua likizama hukitoa kile kizibo kwenye kikapu, nikapitisha unyoya katika tundu na kukipaka mafuta, kisha nikapuliza. Pumzi hupita moja kwa moja hadi kiganjani. Njia iko wazi, haijaziba hata siku moja. Hukaa kidogo nikisikiliza ng'ambo, halafu naingia ndani kupika.