Mlezi wa Binti wa Nyarugusu

Afisa ustawi wa jamii alipomleta yule binti nyumbani kwetu Kagongwa, alikuwa na miaka tisa na alama za meno mkononi, meno yake mwenyewe. Mama yake alifariki machimboni Nyarugusu, na tangu hapo alipita nyumba tatu. Zote zilimrudisha. Aling'ata watu, alivunja vyombo, na akikasirika alikuwa hashikiki.

Mke wangu alikuwa amepata mafunzo ya kulea watoto wenye shida za namna hiyo. Mimi nilikuwa na mashine yangu ya kukoboa mpunga, nikaamini kwamba mtoto ni mtoto, akionywa atasikia. Wiki ya kwanza nilipolalamika kwamba hatoi hata shikamoo, mke wangu alisema, "Hana usingizi huyu. Salamu itakuja."

Mwezi wa pili, mchana, nilikuwa nimeanika mpunga wa mteja uani. Mke wangu akamtuma binti dukani kununua sabuni. Maneno hayo tu. Binti alibeba ndoo ya maji machafu, akaimwaga juu ya mpunga, akaanza kuutawanya kwa miguu huku akipiga mayowe. Nikainua mkono. Mke wangu akasimama katikati yetu.

"Baba, nenda mashineni," aliniambia kwa sauti ya kawaida. "Ukimpiga leo, tumerudi nyuma kabisa."

Nilikwenda, hasira zikiwa zimenijaa, nikachungulia dirishani. Alikaa chini kwenye matope, hatua chache kutoka kwa mtoto. Hakumgusa. Ndoo ilirushwa, ikampata begani.

"Hiyo imeniuma," alisema. "Bado nipo, ng'wana wane, mwanangu."

Ilichukua muda mrefu mpaka mtoto naye akakaa. Ndipo mke wangu alipoleta nyungo mbili, wakaokota na kupepeta mpunga ule pamoja. Mpunga mwingine tulilazimika kuwapa kuku.

Jioni nilimuuliza alijuaje kwamba mtoto angetulia.

"Sikujua. Nilikuwa naogopa."

Nimeishi naye miaka mingi, lakini siku ile nilimwona upya.

Kila Alhamisi afisa alikuja kwa pikipiki, wakakaa na mke wangu kutafuta kilichowasha kila hasira. Wakagundua kwamba nyingi zilianza binti alipotumwa peke yake. Siku mama yake alipokufa, alikuwa ametumwa maji. Basi mke wangu akawa anamsindikiza dukani. Majirani walicheka kuona mama mtu mzima akimsindikiza mtoto wa miaka tisa kununua kiberiti. Yeye aliendelea kumsindikiza. Baada ya wiki kadhaa akawa anaishia nusu ya njia, kisha anasimama mlangoni tu, mahali anapoonekana.

Ilipita zaidi ya mwaka. Kuvunja vyombo kukapungua, ingawa hakukuisha. Shikamoo ilikuja, ya chini chini. Kisha afisa akampata mama mdogo wa binti, anayekausha dagaa Chato, naye akakubali kumchukua.

Mke wangu hakumkabidhi mtoto stendi akageuka. Alikwenda naye, akakaa Chato siku kumi. Mama mdogo alimwambia waziwazi, "Mimi nimezoea fimbo, dada."

"Hata mimi nililelewa nayo," mke wangu alimjibu. "Nitakuonyesha ninavyofanya, uone mwenyewe."

Aliporudi alilala karibu siku mbili. Sikumuuliza kama alilia. Nilipika, nikamwekea chakula.

Likizo iliyopita walikuja wote wawili kututembelea. Binti amerefuka. Asubuhi alimsukuma mtoto wa jirani kwa ajili ya mpira, kisha akaanza kupiga mayowe. Niligeuka kumtazama mke wangu. Hakuinuka. Aliendelea kuchambua maharage, huku mama mdogo akitoka taratibu kwenda kukaa karibu na mtoto wake.