Shahada ya Udi

Chuoni kwetu Maskati kulikuwa na njia ambayo haikutangazwa sana: mwanafunzi angeweza kuunganisha fani tatu, akaipa shahada yake jina, kisha akaitetea mbele ya kamati. Wenzangu waliniona sijui ninachotaka. Kumbe nilikuwa mroho tu. Nilitaka kemia, historia na isimu, zote kwa sababu ya sufuria ya mama yangu.

Mama hupika udi wa kufukiza nyumbani kwetu, mtaa wa Darsait. Huchemsha sukari, akatia udi uliosagwa na mafuta mazuri ya kunukia aliyonunua soko la Matrah, wala hapimi kitu. Nami nilikaa jikoni na daftari. Kwa nini harufu haipotei motoni? Nani alimfundisha bibi huko Unguja? Kwa nini kila kichupa cha mafuta kina jina la lugha tofauti?

"Unajuaje kama umeiva?" nilimuuliza.

"Si unaona? Au huko chuoni macho hamsomeshwi?"

Fomu ya kuombea shahada hiyo ilidai lugha ya kigeni. Nikaandika Kiswahili, nikajiona mjanja, maana nilikuwa nimekwepa masomo ya muhula mzima. Lugha ya kwanza nikaandika Kiarabu, kama tunavyofanya nyumba nzima tukijaza karatasi yoyote hapa. Jioni nikamsomea mama kwa majivuno.

Aliweka mwiko chini. "Ulipokuwa na homa, nilikubembeleza kwa lugha gani?"

Nikaikunja fomu.

"Nnakuuliza tu, mwanangu."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Asubuhi nikaomba fomu mpya. Mshauri wangu akanionya: nitaongeza muhula mmoja, na kamati huenda ikadhani sijui hata mimi ni nani, ikakataa mpango wote. Nikaandika Kiswahili mahali pa lugha ya kwanza.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye kilemba kilichofungwa vizuri, aliniuliza kwa Kiarabu habari za kemia na historia, nikajibu. Kisha akaufikia ule mstari wa lugha ya kwanza. Akapitisha kidole juu yake, nami nikajua mambo yameharibika.

"Mie kila fomu huandika Kiarabu," alisema taratibu, kwa Kiswahili cha Unguja kisicho na doa. "Na mamaangu yu hai, hunisemesha Kiswahili hiki hiki."

Wenzake wawili waligeuka wakamtazama. Akachukua kalamu, akaitia saini fomu yangu.