Halbadiri ya Barua Pepe

Gari lilikwisha kupita Muheza, na Haroub bado hakujua ashukie wapi. Mpemba huyu, fundi wa kompyuta, alizoea kuzurura bandari za watu, lakini Tanga hakuwahi kuikanyaga. Alichokuwa nacho ni jina la kampuni inayonunua mwani wa akina mama wa Kigombe, na ombi la mkurugenzi wake: njoo uitazame kompyuta yetu, tangu iwekewe programu mpya ya barua pepe, ukitafuta kitu hukipati.

Ofisini alimkuta Bi Mwanaima, karani wa makamo.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Andika hapo jina la mnunuzi wetu wa Denmark."

Akaandika. Hakuna kitu.

"Umeona? Barua zimefutwa. Na mashine hii tunaishika wawili tu, mimi na Fanueli."

"Mwambie na halbadiri," alidakia Mboni, mpika chai.

Kisomo hicho cha kumwapiza mkosaji kilisomwa Ijumaa, humo humo ofisini. Bi Mwanaima ndiye aliyemleta mwalimu wa Kurani, wafanyakazi wote wakakalishwa mkekani: aliyezifuta barua asipate raha mpaka aseme. Fanueli, Mlutheri, mtoto wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, alikaa nao mpaka mwisho na kuitikia amina. Kisha akamuuliza Bi Mwanaima, "Mama, nimekukosea nini?" Mkurugenzi akamwambia akae kwanza nyumbani.

Haroub alifungua majalada ya barua kwenye programu moja moja. Barua zote zilikuwamo.

"Hazijafutwa, bi mkubwa. Programu hii mpya huzisoma kwanza barua zote, ikajitengenezea faharasa, orodha ya kila neno na barua lilimo. Kabla haijamaliza, ukiiuliza haijui kitu. Na huifanya kazi hiyo mkishaondoka. Jioni mnaiacha inawaka?"

"Inawaka!" Bi Mwanaima alishtuka. "Mie nachomoa waya kila jioni, naifunika kanga."

Desturi hiyo aliitoa kwenye shirika la umma alilofanyia kazi zamani, miaka ile ya dhiki, sabuni kwa foleni na umeme kwa bahati. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaiunguza taipu pekee ya umeme waliyokuwa nayo. Lawama ikamwangukia yeye. Shirika lilipouzwa na wenzake kupunguzwa, alipata kazi hapa kwa sifa moja: Mwanaima hajaharibu tena kitu. Tangu taipu ile iungue, hakuna waya aliouacha ukutani.

Kumbe kila siku programu ilianza upya, na kila jioni aliikata yeye.

Mboni aliangua kicheko. "Sasa ile halbadiri tumemsomea nani?"

Haroub naye alitabasamu, akajuta papo hapo. Bi Mwanaima alikuwa ameinama, mtandio kaushusha mpaka kwenye nyusi, mikono yake haijui ikae wapi.

"Yule mtoto aliitikia amina," alisema. "Nilimsikia. Nikasema moyoni, tazama alivyo mkavu wa macho."

"Mwalimu ataitengua, bi mkubwa."

"Ya mwalimu baadaye."

"Basi nimtume Mboni akamwite Fanueli?"

"Aje hapa, mie nimekaa kitini? Nilimwaibisha mbele za watu, mwanangu. Nitakwenda kwake Mabawa, niseme mbele ya mkewe na majirani. Wacheke wakitaka."

Alijifunga mtandio vizuri, akafika mlangoni, akasimama. Haroub alidhani amebadili nia.

"Mkewe nitamwanzaje?" aliuliza, bila kugeuka.

Kisha akatoka bila kungoja jibu, na Haroub akabaki na ile mashine inayosoma barua, waya wake ungali ukutani.