Kipilefti

Walituita wa ridhaa. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza, na mpaka leo likinijia kichwani nikiwa mezani, chakula kinanishinda. Sisi tuliokuwa tunakanyaga pedeli kutoka Mwandiga hadi Katonga na madumu ya mawese nyuma, kila siku ya Mungu, mvua inyeshe isinyeshe, tuliandikwa kwenye karatasi yao kuwa ni wa ridhaa, yaani watu wanaoendesha kwa kujifurahisha. Wale vijana walioshuka kwenye treni kutoka mikoani, wenye kaptula za kubana na baiskeli nyembamba ambazo ukizifunga dumu moja tu zinakunjika, hao ndio waliitwa wa kulipwa. Haya bwana. Kundi la tatu lilikuwa la familia: mabwana wa maofisini na wa mashirika, wake zao, na watoto waliovalishwa kofia ngumu utadhani wanakwenda kuchimba madini.

Lilikuwa tamasha la siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Miaka ile mji wa Kigoma ulijaa magari meupe kwa ajili ya wakimbizi, na nadhani kuna mtu ofisini aliona tumenuna mno, akafikiri baiskeli zitatuchangamsha. Gari la matangazo lilipita mpaka kwetu Mwandiga na spika juu: mshindi wa kwanza wa wananchi atapewa baiskeli mpya, bado imo kwenye nailoni yake! Mimi nilikuwa na baiskeli yangu. Ilikuwa kuukuu, breki zimekufa, nasimamisha kwa kukandamiza ndala kwenye tairi la nyuma, lakini ilikuwa yangu. Aliyeihitaji ile mpya alikuwa mwenzangu.

Mwenzangu alikuwa Mrundi. Alitoka kambini bila kibali, yeye na mkewe, wakapanga chumba kimoja nyuma ya nyumba yangu. Kiha na Kirundi ni mtu na ndugu yake, kwa hiyo akifungua mdomo hakuna aliyegeuka kumtazama. Ukimuuliza kwao, alikwambia Kasulu. Mkewe alikuwa mjamzito, mimba imeshakuwa kubwa, na walichoomba wote wawili ni kitu kimoja tu, mtoto azaliwe Mwandiga chini ya bati, si kambini chini ya turubai. Akikamatwa, yote hayo yameisha. Baiskeli aliyoendesha ilikuwa ya mama mmoja mwenye biashara ya mawese. Yake mwenyewe aliiacha ng'ambo siku waliyokimbia, imeegemea ukuta wa jikoni. "Ikinga," ndivyo alivyoiita kwa lugha ya kwao, na akiitaja uso wake ulibadilika kuliko alipotaja shamba.

Tulipendana, nisiseme uongo. Njiani tulikuwa tunataniana mpaka kupanda kilima tunasahau. Alikuwa na nguvu kunishinda, na kasoro yake ilikuwa moja tu. Kwao magari hupita kulia. Amezaliwa hivyo, amekua hivyo, na baiskeli ameijulia hivyo. Wiki za mwanzo nilikuwa namfokea kila tukikutana na lori, "Kushoto, wewe! Unataka kutuua?" Naye anarudi upande huku anacheka. "Kichwa kimeshafika huku, kaka," aliniambia siku moja. "Mikono bado iko kwetu."

Basi tukaweka utaratibu. Mimi mbele, yeye nyuma, macho yake kwenye tairi langu la nyuma. Nikipita kushoto anapita kushoto, nikisimama anasimama. Tulizoea hivyo mpaka nikaacha kufoka, ila pale kwenye njia panda kubwa ambapo nilimpigia kelele "Kushoto!" bila hata kugeuka.

Habari ya mashindano alipoisikia, alikataa. "Watu wengi, wakubwa wengi. Mimi sitaki, kaka." Mimi ndiye niliyemshawishi. Lazima niliseme hili kwa kuwa nimesikia watu wakisimulia kwamba ni tamaa yake iliyomponza. Tamaa gani? Nilimfuata siku tatu, nikamwambia ukiwa nyuma yangu nani atakujua? Nikampangia na mbio zenyewe. Tunatoka Ujiji, tunapanda Mwanga, unakaa nyuma yangu mpaka tuvuke kipilefti. Baada ya hapo ni mteremko mtupu hadi stesheni, hapo nipite, nenda kachukue baiskeli yako.

Kipilefti chenyewe kilikuwa mduara wa mawe yaliyopakwa chokaa. Neno hilo ni Kizungu tulichokipondaponda, maana yake ni kaa kushoto, na sisi tuliosomea huku tunalijua hata kama hatujui Kizungu kingine. Yeye angelijulia wapi? Kwake lilikuwa jina la mahali kama majina mengine. Wala mimi sikuhangaika kumweleza, maana nilijua nitakuwa mbele.

Siku ya kujiandikisha nilimpeleka mwenyewe mezani. Binti aliyekuwa anaandika akauliza, "Na huyu?" Nikajibu haraka kabla mwenzangu hajafungua kinywa: "Mdogo wangu huyo, mtoto wa mama mdogo, wa Kasulu." Akaandika, akatupa namba za kubandika mgongoni. Mwenzangu aliipeleka ile namba nyumbani, akamwonyesha mkewe kama cheti.

Jumamosi ilikuwa ya familia. Wakazunguka zunguka na puto, wakanywa soda, wakapigwa picha. Jumapili wakatangulia wale wa kulipwa, wakatupita kama upepo, sawa, hiyo ndiyo kazi yao. Kisha tukaachiwa sisi. Jamani, baiskeli bila mzigo! Miguu yangu ilishangaa. Kabla hatujaiacha Ujiji vizuri tulikuwa tumewaacha wenzetu wote, tuko wawili tu, mimi mbele na yeye nyuma kama tulivyokubaliana.

Kilima cha Mwanga ndicho kilichoniumbua. Nilianza kuhema. Nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua, ndala ikisugua tairi. Alikuwa anafunga breki. Kwenye kupanda! Mimi natoa roho, yeye anafunga breki ili asinigonge. Wanawake waliokaa kando ya barabara na mabeseni yao ya dagaa waliliona hilo, wakaangua kicheko. "Mzee, mpishe mwenzio!" akapaza mmoja. Mzee! Na nilikuwa sijafika hata miaka arobaini.

"Kaka," akasema nyuma yangu, taratibu, kwa adabu yake ile ile, "niende?"

Angenitukana ningevumilia. Ile adabu ndiyo iliyonichoma. "Nenda zako!" nikamwambia. "Nani kakushika?"

Akanipita. Watu wakikumbuka makosa yao hujitetea kwamba walisahau. Mimi sikusahau. Nilikumbuka pale pale, bado yuko karibu kiasi cha kusikia, na pumzi ya neno moja nilikuwa nayo. Kushoto. Neno nililompigia kelele kila siku miezi yote ile. Nikafunga mdomo, nikamwangalia mgongo wake na ile namba ikienda, na moyoni nikasema haya, tuone sasa, bingwa.

Polisi walikuwa wamesimamisha magari yote. Barabara nyeupe, hakuna lori la kumkumbusha, hakuna tairi la kufuata. Akafika kwenye kipilefti ameinamisha kichwa, na mikono ikampeleka kwao. Akakizunguka kwa kulia. Hakufupisha hata hatua moja, njia ni ile ile ukipita huku au kule, lakini umati wote uliokuwa pale ulipiga kelele, na kelele zikashuka naye mpaka stesheni.

Nilipofika nilikuta watu wanacheka. Mtangazaji alikuwa na kipaza sauti, kazi yake ni kuchekesha, simlaumu. "Jamani mshindi wetu," alisema, "kapita kulia! Alidhani yuko Bujumbura!" Watu hoi. Mwenzangu amekaa chini, jasho linamtiririka, anatabasamu kwa sababu wote wanatabasamu. Kwenye hema la wageni palikuwa na bwana mmoja wa uhamiaji, mwenye shati jeupe. Yeye hakucheka. Aliweka soda yake chini, akaja.

Hakumfokea. Alichuchumaa karibu naye akamuuliza Kasulu sehemu gani. Akajibu, nilikuwa nimemfundisha. Mwenyekiti wa kijiji nani? Akajibu. Shule gani? Hapo akakwama, maana hilo sikumfundisha, akainua macho akanitazama mimi. Yule bwana akafuata macho yake.

"Huyu ni nani yako?"

Yule binti wa kuandika alikuwa amesimama hapo na karatasi zake mkononi. Alijua nilichomwambia. Na mimi nilijua kwamba kumficha mtu asiye na kibali ni kesi, na kwamba nina mke na watoto, hizo ndizo sababu ninazowapa watu. Lakini baiskeli ile ilikuwa mbele yangu pia, mita chache tu, jua linang'aa kwenye nailoni, na nilikuwa wa pili.

"Tunaonana tu barabarani, mheshimiwa."

Binti akainamia karatasi zake. Mwenzangu hakunikana, hakunitaja, hakuniomba. Aliivaa ndala yake iliyokuwa imechomoka, akasimama, na alipokuwa anaelekezwa kwenye gari akageuka. "Kaka," akasema, mbele ya wote, baada ya mimi kumkana, "ile ikinga ya mama wa mawese uirudishe. Asije akafikiri nimeiiba." Wakamwondoa. Sijamwona tena tangu siku hiyo, na jina langu sijui kama analitaja huko aliko, na kama analitaja sitaki kujua anasemaje.

Waandaaji wakasema mbio zimevurugika kwa sababu mtu kapita njia isiyo yake, kwa hiyo wa kwanza ni mimi. Mgeni rasmi akanipa mkono mlaini, akaniambia hongera mwananchi. Tukapigwa picha. Nilitabasamu, naam, nilitabasamu, meno yote nje.

Nilirudi Mwandiga alasiri nikiendesha baiskeli ile mpya, na ile ya mama wa mawese nimeishika usukani kwa mkono mmoja inakwenda kando yangu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mkewe. Niliyatunga vizuri, ya kiume, ya ukweli. Nilipokata kona ya kwetu nikamkuta amesimama nje na tumbo lake, mkono mmoja kiunoni, mwingine amekinga jua. Aliiona nailoni kabla hajaniona mimi.

"Shemeji! Ni wewe? Wewe wa kwanza?" Akaja mbio mbio kwa mwendo ule wa mjamzito, akaigusa baiskeli kwenye usukani, akacheka. Wivu hakuwa nao hata chembe. "Hongera sana, shemeji. Na mwenzako je? Kawa wa ngapi?"

Nikashuka, nikaiegemeza ile mpya ukutani.

"Wa pili," nikamwambia.

"Imana ishimwe!" akamsifu Mungu kwa lugha ya kwao. Akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Wa pili, akawaambia, mume wangu wa pili, mji mzima! Kisha akaitazama ile baiskeli ya mama wa mawese. "Mbona hii unayo wewe? Yeye yuko wapi?"

"Wamembakiza kidogo," nikasema, "kwa ajili ya picha."

Akaniamini. Akanishukuru kwa kumsaidia mumewe kurudisha baiskeli ya watu, akaniambia nikapumzike, nimechoka. Halafu akaingia ndani kubandika maji, mwenzangu aoge akirudi.