Choo cha Hosteli ya Wasichana

Watu wengi hudhani kupanga shule ni kujua madarasa mangapi yanahitajika. Hilo ndilo jepesi kuliko yote. Kazi yenyewe ni kujua mwanafunzi atapita wapi akitoka darasani, jua la alasiri litampiga usoni au mgongoni, na akibanwa na haja, je, ataona haya kuinuka? Nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya kata upande wa Kiranjeranje, na sehemu kubwa ya niliyojifunza kuhusu majengo nilijifunza chooni.

Hosteli yetu ya wasichana ilizaliwa na geto. Geto ni chumba anachopangishiwa kijijini mwanafunzi anayetoka mbali. Humo anajipikia, anajisomea na anajilinda mwenyewe. Wazazi walichoka kuwaacha mabinti zao humo, wakafyatua matofali, wakachota maji, wakasomba mchanga, mpaka bweni likasimama. Tulililaza mashariki na magharibi, madirisha yakitazama kaskazini na kusini, ili jua lipite juu ya bati badala ya kuingia vitandani. Ukiwa na kiwanja cha kutosha, fanya hivyo kila mara. Ubaridi huo haulipiwi umeme.

Choo kilikaa kusini mwa bweni. Ramani tuliyopewa ilionyesha milango ikitazama magharibi, na magharibi ndiko ilikopita njia ya wavulana ya kwenda uwanjani. Siku ya kupima msingi, akina mama wa kamati waliiona kasoro hiyo fundi akiwa bado anafunga kamba. Mmoja aliuliza kama binti atakuwa anatoka chooni huku timu nzima ikimpigia makofi. Tulicheka, tukang'oa vigingi, tukakigeuza choo kizima mpaka milango ikatazama bweni. Sitara ikapatikana, na kila mtu akarudi kwake ameridhika.

Hosteli ilifunguliwa muhula wa pili kwa ruhusa ya muda. Bwana afya aliyeitoa alisema atarudi kabla ya likizo fupi, na kitu cha kwanza atakachokagua ni choo. Akikikuta kichafu, bweni linafungwa na wasichana wanarudi walikotoka.

Kwa wengi hiyo ingekuwa kero ya kurudi geto. Kwa binti mmoja wa kidato cha tatu ingekuwa mwisho wa shule. Baba yake, mkulima wa korosho kutoka kitongoji cha ndani sana, alikuwa amemwondoa geto baada ya watu wasiojulikana kusukuma mlango wa chumba chake. Alimrudisha shuleni kwa sababu ya hosteli tu. Siku ya kumleta nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na shule. Ila hosteli ikifungwa, nakuja kumchukua siku ileile. Geto harudi."

Muda haukupita mrefu, choo kikaanza kuchafuka. Si sana, lakini kila siku. Sinki za kuchuchumaa zilikuwa mpya, maji yalijaa kwenye pipa, ila uchafu ulibaki pembeni mwa sinki, na daima upande uleule. Matroni wetu, mwalimu aliyekulia Newala katika familia ya Kikristo, alipanga zamu za usafi. Akaongeza zamu. Akaongeza ukali.

"Wasichana wakubwa hawa," aliniambia. "Kwenye netiboli hawakosi goli, humu wanakosa shimo."

Ukisimamia majengo, kuna jambo moja litakusaidia sana. Mtu mmoja akilitumia jengo vibaya, zungumza na mtu huyo. Lakini watu wote wakilitumia vibaya kwa namna ileile, acha kuwagombeza. Nenda ukalitazame jengo. Nililitazama, nikazunguka na kuingia ndani, nisione kitu. Ikabidi niulize.

Nilimkuta yule binti wa kidato cha tatu akifagia karibu na pipa. Alinisalimia, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi. Kuzungumzia choo mbele ya mkuu wa shule si adabu, nami nililijua hilo. Nikamwambia kwamba mimi nina mabinti nyumbani, na kwamba hakuna atakayeadhibiwa.

"Madam, tukikaa inavyotakiwa tunaielekea kibla," alisema, macho yakiwa kwenye ufagio. "Tukigeuka tunaipa mgongo. Kwa hiyo tunakaa kiupande."

Nilisimama pale nikihesabu pande za dunia kama mtoto. Pwani yetu hii kibla iko kaskazini. Bweni lilikuwa kaskazini mwa choo. Tulipogeuza milango itazame bweni, tuligeuza na sinki. Fundi ni mtu wa swala tano, akina mama wa kamati hivyohivyo, na mimi nilifundishwa nikiwa mdogo kwenye madrasa kule Mtanda, kabla sijajua kusoma, kwamba chooni kibla haielekewi wala haipewi mgongo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona, kwa sababu siku ile akili zetu zote zilikuwa kwenye njia ya wavulana. Na wasichana walinyamaza wakiamini kwamba wakilalamika, wakubwa watasema choo hakifai, na hosteli itafungwa.

Matroni alishauri tuwaelimishe. Nikamwomba imamu wa kijiji aje. Alikuja, akawaeleza kwa upole kwamba ndani ya jengo lenye kuta, kwa alivyosoma yeye, hapana dhambi. Wasichana waliitikia vizuri, "Ndiyo, shekhe," na asubuhi iliyofuata uchafu ulikuwa palepale.

"Shekhe karuhusu," alisema matroni, "magoti yamekataa."

Sikuwalaumu. Jambo ulilofundishwa ukiwa na umri wa kushikwa mkono haliondoki kwa maelezo ya adhuhuri moja. Afadhali kugeuza zege.

Fundi alipokuja alituonyesha ugumu. Kila chumba cha choo kilikuwa chembamba. Sinki ikigeuzwa moja kwa moja kutazama upande, magoti yatagonga ukuta. Tukibomoa ukuta mmoja na kuacha mmoja, nafasi itapatikana, lakini matundu yatapungua, na matundu yakipungua, bwana afya atapunguza vitanda. Tungelazimika kuchagua wa kuondoka. Sikutaka kuifanya kazi hiyo.

Ndipo nikawapa wasichana chaki. Niliwaomba kila mmoja aingie, avae kandambili zake, akae kama anavyokaa siku zote, kisha achore miguu yake sakafuni. Walicheka sana, wakasukumana mlangoni, wakachora. Tulipoingia na fundi tulikuta michoro yote imelala mshazari, vidole vikielekea kona. Upana wa choo ulikuwa umewakatalia kukaa kiupande kabisa, nao wakatafuta pembe inayowafaa. Fundi alichuchumaa, akapima kwa kamba, akasema sinki inaweza kuzungushwa hivyo hivyo bila kuhamisha bomba la chini. Kuta zibaki, matundu yabaki.

Alianza na moja. Kabla hajaimwagia zege, yule binti aliingia kuijaribu na sare yake, sisi tukisubiri nje.

"Kibla iko wapi?" matroni alimuuliza.

"Begani."

"Inatosha?"

"Inatosha, madam."

Siku ya ukaguzi baba yake alifika kabla ya bwana afya. Alikuja kwa bodaboda, akakaa getini, na dereva wake akamsubiri. Sikumuuliza kwa nini hakumruhusu dereva aende.

Bwana afya alifungua mlango wa kwanza, akatazama sinki zilizopinda, akaniuliza kama fundi wetu alikuwa amekunywa. Nilimweleza yote, tangu milango mpaka chaki. Aliingia, akajifungia, akakaa humo kitambo hata matroni akaanza kukohoa. Alipotoka alisema milango inafunguka kwa ndani na inagusa goti la aliyekaa. Tugeuze bawaba ifunguke kwa nje. Kisha akapita choo hadi choo akitazama sakafu. Zote zilikuwa safi, na zilikuwa safi tangu zege lilipokauka.

"Geuzeni bawaba," alirudia. "Wasichana wabaki."

Nilitembea mwenyewe mpaka getini. Yule baba aliinuka aliponiona. Nilimwambia kwamba bwana afya ameridhika na bweni halifungwi. Aliuliza kama amesema kwa kinywa chake. Nikasema ndiyo, na bado yuko ndani, akitaka anaweza kumsikia. Akatikisa kichwa kwamba haina haja, akamgeukia dereva.

"Washa. Tunarudi wawili, kama tulivyokuja."