Kilomita Tano za Mapera

Siku niliyopandishwa kwenye mizani ya kahawa naikumbuka vizuri, mwanangu, na nikiikumbuka nacheka peke yangu. Ilikuwa msimu wa mavuno, ghalani kwa chama chetu cha msingi. Nilikuwa nimempelekea karani suruali niliyomshonea, nikamkuta anapima magunia. Wazee waliokuwa kwenye foleni wakaanza utani wao, wakibishana kama mimi nalizidi gunia la kahawa au silizidi. Na mimi na mdomo wangu huu, nikawaambia ya nini kubishana na mizani ipo, nikapanda. Mshale ukaenda, ukaenda, ukasimama kwenye tisini na nane. Wakaangua kicheko na mimi nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikakaa kitandani nikalia.

Nilikuwa na miaka thelathini na nane. Utasema huo si ujana. Subiri ufike sitini na tatu kama mimi, halafu tuongee.

Kazi yangu ilikuwa ushonaji pale Mbinga mjini. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani kuanzia asubuhi hadi jioni, chai na chapati vikinifuata hapohapo. Nesi alikwisha kuniambia kwamba presha inapanda na magoti yanalemewa, akanisihi nianze kutembea. Nikawa naitikia ndiyo dada, ndiyo dada, kisha narudi kitini. Ila baada ya siku ile ya mizani nilisikia kwamba kwetu Mapera, kwenye sikukuu ya wanawake mwezi wa tatu, kutakuwa na mbio za akina mama za kilomita tano. Anayeweza kukimbia akimbie, anayeweza kutembea atembee. Nikaandikisha jina. Sikuwa na tamaa ya kushinda, nikuambie ukweli. Nilitaka jambo moja tu, nizimalize zile kilomita tano kwa miguu yangu mwenyewe, nijue kwamba mwili huu bado ni wangu na mimi ndiye ninayeupeleka.

Nikaanza mazoezi mwezi wa kumi na mbili, kukipambazuka, iwe mvua isiwe mvua. Nilijishonea suruali pana ya kitambaa cha sare za shule na juu yake nikafunga khanga, maana kwetu wakati ule mama mzima akionekana barabarani na suruali tupu, hiyo ni habari ya wiki nzima. Saa sikuwa nayo, na hizo simu za kuhesabu hatua zilikuwa bado. Nikahesabu nguzo za umeme. Nguzo moja nakimbia, tatu natembea. Wiki ya kwanza hiyo nguzo moja ilinitoa roho. Mwezi wa pili nikawa nakimbia moja, natembea mbili. Ilipokaribia sikukuu nilikuwa nakimbia moja na kutembea moja, na kilo zilikuwa zimepungua mbili. Ndiyo, mbili. Usinitazame hivyo. Jasho lililotoka lilitosha kupunguza ishirini, lakini mwili una hesabu zake.

Siku ikafika. Tulikuwa akina mama arobaini hivi kwenye uwanja wa shule, na watu wamejaa pembeni. Njia ilikuwa inashuka hadi darajani, kisha barabara inapanda na kuzunguka kilima kwa kona moja ndefu, hadi inaturudisha uwanjani kwa upande wa kanisa. Wa kwanza hadi wa kumi walikuwa wameandaliwa kitenge kila mmoja. Filimbi ikalia, na hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza.

Wale wazee wa mizani walikuwa wamesimama pale pale mwanzo wa barabara. Nilipowaona nikasema moyoni leo mtanijua. Nikasahau nguzo zangu zote na miezi mitatu ya kuamka mapema. Nikatimka na wasichana wembamba, nikashuka ule mteremko kama mtu anayefukuzwa, na kwa kweli hadi darajani nilikuwa katikati yao. Tulipoanza kupanda, pumzi ikaisha. Kifua kiliwaka moto, miguu ikagoma, nikashika kiuno nikainama. Wakanipita wote. Hata mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anatembea taratibu na rozari mkononi alinipita, akanipa pole, akaendelea na Salamu Maria zake.

Sasa sikiliza, mwanangu. Hakuna aliyenikataza kutembea. Ningeweza kupumua kidogo na kupanda mdogo mdogo kama nilivyozoea, nikafika. Lakini niliona aibu. Niliwaza nitakavyotokea kwenye ule uwanja wa mwisho, natembea, nimelowa, na wale wazee wananisubiri. Na kushoto kwangu kulikuwa na kijia kinachopita katikati ya mibuni, ambacho tulikuwa tukikipita utotoni tukitoka kuchota maji. Kilikuwa kinaikata ile kona yote. Nikatazama nyuma, hakuna mtu. Nikaingia.

Nilipotokea upande wa pili, barabara ilikuwa tupu. Wale wa mbele walikwisha kupita na wengi walikuwa bado wanazunguka kilima. Nikakimbia hicho kipande kilichobaki, nikaingia uwanjani wa kumi. Watu walishangilia kama wamerukwa na akili. Wale wazee wa mizani ndio walioongoza, mmoja alirusha kofia. Mwenyekiti wa kijiji akanifunga kitenge mabegani. Nyuma yangu kidogo akaingia Otilia, mama kijana wa watoto wawili tuliyekuwa tunasali naye, amekimbia pekupeku njia nzima. Akawa wa kumi na moja, na vitenge vimekwisha. Akanipigia makofi.

Mchana huohuo nikapanda kwa Bibi Kandida, shangazi yake baba, nikamwoneshe kitenge. Ndiye aliyenilea nilipofiwa na mama, na sifa yake kwangu ilikuwa na uzito kuliko ya uwanja mzima. Nikamkuta shambani kwake, mlimani, anachimba ngolo.

Wewe uliyekulia huku ziwani huenda hujawahi kuchimba ngolo, kwa hiyo nikueleze. Sisi Wamatengo tunalima milimani kwenye mteremko mkali. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, zinatokea kama vyumba vidogo vya mraba, mlima mzima. Wanawake tunafuata na jembe. Unachimba katikati ya kila chumba na kuyafunika majani kwa huo udongo. Katikati panabaki shimo na pembeni yanabaki matuta, na maharage unayapanda kwenye matuta. Mvua ikinyesha, maji yanaingia mashimoni na kutulia, udongo haushuki. Hiyo ndiyo ngolo.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakitazama kitenge kwa mbali. Hakukishika. Akanipa jembe la pili na kuniambia nimsaidie mstari mmoja. Nilikuwa hoi, lakini utamkatalia nani? Nikachimba shimo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. La tano lilikuwa na kisiki cha zamani kilichoshika mizizi. Nikaliacha, nikaanza la sita.

"Na hilo?" akauliza.

Nikamwambia lina kisiki, bibi, na mikono inaniuma.

"Basi liruke," akasema. "Si ndicho ulichojifunza leo."

Nikageuka nikatazama chini, na nilichokiona sitakisahau. Kutoka pale alipokuwa anachimba tangu asubuhi, barabara yote ilikuwa wazi mbele yake. Daraja lile pale, kona ile pale, na kile kijia changu kimepasua mibuni kama njia ya kitana kwenye nywele.

Bibi Kandida hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliongea huku anachimba, taratibu, akanieleza kitu nilichokijua tangu mtoto ila sikuwahi kukifikiria. Shimo usilolichimba, maji hayapotei. Yanapita hapo kwa nguvu, yanashuka kwa jirani wa chini na kubeba maharage yake, na jirani huyo hajakukosea lolote. Kisha akaegemea mpini, akaniuliza swali moja.

"Wa kumi na moja alikuwa nani?"

Nikamtaja Otilia, na hapo machozi yakanitoka. Aliniacha nilie. Nilipomaliza akaniambia nipenge kamasi nirudi kwenye kisiki. Nikaking'oa, ilichukua muda, nikalichimba lile shimo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya misa, wakati wa matangazo pale nje, nilimwomba katekista aniache niseme neno. Nikasema sikukimbia kilomita tano, nilipita kwenye mibuni, na kitenge hiki ni cha Otilia. Wengine wakacheka, na wale wazee wa mizani wakajitazama viatu. Nikamfuata Otilia, nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikamwomba msamaha.

"Nilikuona, dada," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nilikuona kwa mbali ukitokea kwenye kahawa. Nikanyamaza, maana ulivyokuwa unahema niliogopa nikikusema utaanguka ufe."

Alikuwa anasema kweli kabisa, wala hakuwa ananitania. Na hilo, mwanangu, liliniuma kuliko vicheko. Yule niliyemdhulumu ndiye aliyekuwa ananihurumia. Nikamwambia mbele ya wote kwamba Jumamosi inayofuata nitaipita njia ile yote, mwanzo hadi mwisho. Akataka tufuatane. Nikamshukuru na kumwambia hii nataka niende peke yangu.

Jumamosi nikaenda. Hakukuwa na filimbi, mwenyekiti wala kitenge. Nguzo za umeme barabara ile haikuwa nazo, kwa hiyo nikahesabu hatua, hamsini nakimbia na mia natembea. Mteremko nikaushuka polepole. Darajani nikapumzika kidogo. Kilima nikakipanda kwa kutembea chote, na sikuona haya. Nilipofika kwenye mdomo wa kile kijia, wacha nikwambie, miguu ilikitaka. Mimi si malaika. Nikatazama mbele, nikaendelea na kona ndefu, na kwa kweli ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani, ndiyo maana Otilia alikuwa amepasuka nyayo. Magoti yaliuma. Kuna mahali nilihesabu hatua kumi tu za kukimbia nikaacha, nikatembea, nikaanza tena.

Nikaingia uwanjani baada ya saa nzima na ushee. Kamba ya mwisho ilikwisha kuondolewa wiki nzima iliyopita. Kulikuwa na mbuzi wawili wanakula majani. Nikapita katikati ya milingoti ya goli, nikaamua huo ndio mwisho wangu, nikasimama.

Nikasikia kigelegele. Sauti ya kizee, nyembamba, inatoka juu mlimani. Nilijua ni ya nani kabla sijainua macho. Kikadakwa na mlima wa pili, kisha wa tatu. Wanawake wote waliokuwa wanachimba ngolo siku ile walikuwa wamenyoosha migongo, wamesimama na majembe yao, wameniangalia tangu naanza hadi namaliza, kilomita zote tano, na sasa wananipigia vigelegele kutoka kila upande.

Nilijivuna, mwanangu. Sioni haya kulisema. Nimezaa, nimejenga, nimesomesha kwa cherehani, lakini sijawahi kusimama mahali nikiwa mrefu kama siku ile. Kilo tisini na sita, nimelowa jasho, wa kwanza na wa mwisho kwa pamoja, na hakuna hatua hata moja kati ya zile ambayo haikuwa yangu.

Tangu hapo sijaacha. Presha ikashuka, magoti yakazoea. Nimeingia kwenye mbio fupi nyingi kuliko vidole vyangu, na kwa nyingi nimekuwa wa mwisho au wa mwisho kasoro mmoja. Wembamba sikuupata, nisikudanganye, hata leo nina themanini na tatu. Lakini waulize hapa Mbamba Bay, nilikohamia kwa binti yangu, ni bibi gani anayekutana na wavuvi kila asubuhi wakati wanavuta nyavu, anatembea ufukweni kilomita zake tano na kuwapa maneno. Watakuonesha nyumba yangu.

Sasa nimesikia na ninyi mna mbio zenu hapa ufukweni, na kwamba wewe uliandika jina halafu ukalifuta kwa sababu ya mwili. Nenda ukaliandike tena. Anza na kidogo unachokiweza, hata kama ni mtumbwi mmoja hadi mtumbwi mwingine, na pumzi ikiisha tembea, kutembea hakujamshusha mtu hadhi. Usikimbie kwa ajili ya wanaokucheka, mimi hao walinimaliza pumzi kabla sijavuka daraja. Na usitafute pa kukatia. Mwili wako unaujua wewe, njia uliyoiruka utaijua wewe, na mara nyingi kuna mtu nyuma yako, pekupeku, ambaye unamchukulia nafasi yake. Hii si kwa mbio peke yake, utaikuta shuleni, kazini, hata kwenye ndoa.

Mungu akupe pumzi ya kutosha na magoti ya kukuvumilia. Akupe watu wa kukuonya kwa upole na moyo wa kuwasikia. Na siku utakayochelewa kuliko wote, ukute wamekwisha kung'oa kamba na kwenda kula, wewe inua kichwa upite. Umefika.