Maua ya Machochwe

Mpeleka maua wa machimboni hubeba maua mgongoni kwa kanga, kama mtoto, na pikipiki huiendesha taratibu yasije yakaamka. Kila penye kivuli husimama, hupiga funda la maji na kuyapulizia usoni. Tangu dhahabu ipatikane, vijana wa mashimoni hutuma maua kwa kila jambo: ubatizo, msiba, hata ng'ombe akizaa.

Siku ile mmoja wao alimtuma kijiji cha Machochwe, kwa baba wa mchumba wake, mzee Mogesi, aliyekuwa akisubiri ng'ombe wa mahari. Mzee aliitikia shikamoo, akayazunguka maua, akayapapasa, akatafuta meno kama anayekagua ng'ombe.

"Huyu amekatwa miguu," alisema.

"Ndivyo wanavyokuja, mzee," mpeleka maua akajibu kwa sauti yake ya kubembeleza.

Mogesi alifikiri. "Basi alale zizini na wenzake. Akiamka mzima, harusi ipo."

Mpeleka maua hakubisha. Alivua viatu, akaingia zizini, akasimama katikati ya ng'ombe wenye njaa, maua ameyainua juu ya kichwa yasiliwe, akiyapulizia maji. Jioni, Mogesi alipohesabu mifugo yake, alimhesabu na yeye.